Nani Ana Shamba Wiki Hii?

Siku ya kwanza kazini nilidhani nimeingia mlango usio wangu. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa keshia katika supamaketi moja mjini Kisii, na asubuhi ile, kabla milango haijafunguliwa, mwanamke mfupi mwenye koti la bluu lililopungukiwa kifungo alitukusanya kati ya rafu za unga na rafu za sabuni. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani ana shamba wiki hii?"

Mimi nimezaliwa na kulelewa nyuma ya duka la vitambaa. Jembe nimeliona likining'inia dukani kwa jirani likingoja mnunuzi. Mama mmoja wa upande wa mboga akasema mtoto wake anapelekwa kliniki Jumanne. Otieno wa ghala, ambaye kwao ni upande wa ziwani, akasema amefiwa na shangazi yake na lazima afike matangani. Yule mwenye koti akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza kutugawa: huyu atamlimia yule, yule atamlimia huyu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyekuwa akizungumzia udongo.

Tulimwita Mama Zamu. Jina lake nalijua, lakini dukani hakuna aliyelitumia. Baadaye ilikuja mashine mlangoni iliyolijua jina lake kamili, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwao, upande wa Nyamira, wanawake majirani hulimiana mashamba kwa zamu. Leo wote wako kwako na majembe yao, wiki ijayo wote wako kwangu, mpaka kila mmoja afikiwe. Kundi la namna hiyo huitwa egesangio. Hakuna anayelipwa na hakuna anayepima kama shamba la mwenzake ni kubwa kuliko lake. Mama Zamu, aliyekuwa msimamizi wa zamu zetu, aliichukua desturi hiyo akaiingiza dukani jinsi ilivyo. Shamba lilikuwa haja yoyote inayomwita mtu wakati wa kazi: kliniki, matanga, mtihani, mtoto wa kiume aliyetoka kutahiriwa. Ukiwa na shamba, wenzako walikushikia zamu. Siku yao ikifika, nawe ulishika.

Sharti lilikuwa moja tu, useme mapema. Aliyesema mapema alipewa dunia nzima. Aliyechelewa bila kusema alisimamishwa kando ya mizani ya viazi, wateja wakimtazama, huku Mama Zamu akimuuliza kwa sauti ya kanisani, "Wewe ulitaka nani akulimie, malaika?" Nilisimamishwa pale mara moja. Sikurudia.

Imani zetu ndizo zilizoufanya mpango ule ukae sawa. Mama Zamu alikuwa Msabato wa Nyanchwa, kule mlimani, na wafanyakazi wengi walikuwa Wasabato kama yeye. Jua la Ijumaa likielekea kuzama walivua makoti na kuondoka, na Jumamosi huwaoni hata kwa dawa. Sisi Waislamu wachache wa mjini, na kina Otieno wa Jumapili, tulilishika duka siku hiyo. Jumapili wao wakarudi kwa nguvu mpya, kina Otieno wakaenda kuimba. Na mchana wa Ijumaa ulikuwa wangu. Adhana ikianza tu kusikika kutoka msikiti wa mjini, Mama Zamu alikuwa tayari amesimama nyuma ya kiti changu, akinipiga begani kwa kidole kimoja.

"Wewe Mswahili, nenda. Nitakushikia."

Aliniita Mswahili miaka yote, kama wanavyotuita Waislamu wote wa mji ule, hata sisi ambao bibi zetu ni Wakisii kabisa. Mdomoni mwa wengine neno hilo lilinikera. Mdomoni mwake sikuwahi kukereka, labda kwa sababu alilisema huku akiketi kwenye kiti changu na kuanza kupiga bei za watu, ingawa nyonga zilimuuma na kiti kile kilikuwa adhabu.

Alikuwa Msabato wa kweli na mwongo hodari. Meneja wa zamani, mzee mmoja mtaratibu aliyependa amani, alikuwa akipita na kuuliza, "Keshia wa mwisho yuko wapi?"

"Ameenda choo."

"Tangu asubuhi?"

"Tumbo, bwana meneja. Hawa watoto wanakula vitu mbaya."

Mzee yule alijua, na Mama Zamu alijua kwamba anajua. Siku moja nilimuuliza dini yake inasemaje kuhusu uongo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Mimi sijadanganya Mungu," akasema. "Nimedanganya meneja."

Alikulia katikati ya majani chai, karibu na kiwanda, mahali ambapo kila mlima una kijani kile kile, na hakunywa chai. Kanisa lake haliipendi. Alikunywa maji ya moto tupu kutoka kwenye chupa, akatutazama sisi tukivuta vikombe vyetu, akatuambia tumbo zetu zitakuwa nyeusi kama sufuria ya sherehe. Sukari ya ofisi aliificha. Mtu aliyekuwa tayari kukupa siku yake nzima hakuwa tayari kukupa kijiko cha pili cha sukari. Umbeya aliukataza mchana kutwa, kisha jioni, tukikunja mifuko, yeye ndiye aliyeanza: "Sasa niambieni, ule mama wa jana alikuwa analia nini kwa simu?"

Na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na shamba. Tulimuuliza mara nyingi. "Na wewe, Mama?" Jibu lake lilikuwa lile lile: "Langu ni la mwisho." Alisema hivyo ndivyo inavyokuwa kwao, anayewaita wenzake kulima hungoja wote walimiwe kwanza. Hatukubishana naye. Ilikuwa rahisi kutobishana.

Shamba alikuwa nalo, na sote tulilijua. Mume wake alikuwa mchongaji kutoka Tabaka. Tangu ujana alikata na kusugua lile jiwe laini, akatengeneza sanamu za viboko na mabakuli na watu waliokumbatiana, vitu vya kwenda ng'ambo, na vumbi lake akalivuta kifuani bila kitambaa puani. Nilipomfahamu alikuwa amekwisha kuacha kazi. Alikuja dukani Jumapili moja moja kumsubiri mkewe, mrefu, mwembamba, mpole, akaketi juu ya magunia ya mchele na kungoja pumzi zimrudie kabla ya kutusalimu. Aliwahi kuniletea kibakuli cha kuwekea sabuni. "Pole, kimepinda," aliniambia, akapumzika katikati ya sentensi, "mkono nao umechoka." Hakikuwa kimepinda hata kidogo.

Kisha mwenye duka akaliuza kwa watu wa Nairobi, mzee wa amani akaenda zake, tukaletewa meneja kijana mwenye viatu vyeupe. Sina chuki na vijana. Huyu nilimchukia. Alitukusanya kati ya rafu zile zile za unga na sabuni, akatuambia kuanzia mwezi ujao tutafanya kazi kwa mtindo wa kisasa, saa zisizobana, fleksi. Kila mtu ataweka programu kwenye simu yake, aseme ni saa zipi anaweza kufanya kazi, na sistimu itampangia.

"Wasee, hakuna tena stori za zamu," akasema. "Kila mtu ni bosi wa time yake. Uko na mtoto? Uko na shule? Hakuna stress."

Tukamgeukia Mama Zamu. Ndivyo tulivyozoea, na kijana alikuwa ameona, kwa hiyo naye akamgeukia yeye.

"Kwa hivyo," Mama Zamu akauliza, "mtu akiwa na shamba, atasema kwa simu?"

"Shamba?"

"Akiwa na shida ya kumtoa kazi."

"Kabisa, mathe. Anasema kwa simu."

"Na atashikiwa?"

"Sistimu itapanga. Hiyo ndiyo kazi yake."

Niliuona uso wake ukifunguka. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wengine na niliuona. Miaka yote alikuwa ameibeba egesangio ile kichwani peke yake, akiilinda kwa uongo wa choo na tumbo, na sasa mkubwa mwenye viatu vyeupe alikuwa amesimama hadharani akisema ni ruhusa, ni kisasa, ina mtambo wake. Akatugeukia. "Watu wangu, hii ni egesangio ya simu. Tukubali."

Otieno peke yake ndiye aliyesita. "Mama," akasema, "hii sistimu, shamba yake iko wapi? Mtu hana shamba, na anaita watu kulima. Yeye atalimiwa wapi ndio ajue uchungu?"

Tulicheka. Mama Zamu alimwambia aache maneno ya ghala. Tukainua mikono, na mkono wake ulikuwa wa kwanza.

Nitasema fleksi ilivyokuwa, kwa sababu bado inasifiwa na watu ambao hawajawahi kuila. Sistimu ilipanga, ndiyo. Ilipanga kufuata wateja. Wateja wakijaa iliita watu, wateja wakipungua iliwaacha, na ulilipwa kwa muda uliokuwa ndani tu. Ungeweza kuambiwa uje asubuhi, utoke kabla ya adhuhuri, urudi alasiri, na katikati ukae karibu, kwa gharama yako, ukingoja simu itetemeke. Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi, kwa hiyo Msabato aliyesema Jumamosi hapatikani alipewa makombo wiki nzima. Mimi niliyesema mchana wa Ijumaa sipatikani nikapewa makombo pia, nikafuta, nikasema napatikana. Ukiwa nyumbani simu isizimwe. Ukiwa kazini simu iwekwe kwenye kabati na kufungiwa. Ndio ubosi tuliopewa.

Na kushikiana kulikatazwa. Mlangoni iliwekwa mashine ya vidole, kila mtu aingie kwa kidole chake, atoke kwa kidole chake.

Mama Zamu alibaki msimamizi, lakini hakuwa na la kusimamia. Alhamisi ya kwanza baada ya fleksi alitukusanya kama kawaida. Tulidhani atatuuliza swali lake. Hakuuliza. Alikuwa ameshika chupa yake ya maji moto kwa mikono miwili, na alisema kwa aibu, kama msichana, "Sasa na mimi niko na shamba."

Daktari alikuwa amesema kifua cha mume wake kinahitaji kuhudumiwa hospitalini mara mbili kila wiki, asubuhi, na asiende peke yake kwa sababu pumzi humkatikia njiani. Watoto wao wako mbali. Mama Zamu alitaka asubuhi mbili tu katika wiki. Kusema kweli tulifurahi. Inaonekana vibaya kuandika hivyo, lakini tulifurahi, kwa sababu hatimaye tungemlimia. Kila mtu alitaka awe wa kwanza. Otieno alisema yeye atatoka ghala na kukaa hata kwenye kaunta, kama wateja watavumilia hesabu zake.

Mama Zamu akaandika ombi lake kwenye simu, mimi nikimsaidia kubonyeza. Jibu likaja kabla hajafunga chupa. Msimamizi, ukiondoa siku yake moja ya mapumziko, anatakiwa apatikane siku zote za kazi. Akaenda kwa kijana. Kijana alikuwa na huruma, hilo nitampa. Alikunja uso kabisa.

"Mathe, mimi ningekupatia. Ni sistimu inakataa."

"Mwambie kuna watu wa kunishikia."

"Haijui hiyo."

"Wako hapa. Wahesabu."

"Mathe, masaa ni ya kampuni. Si ya watu kupeana."

"Tulikuwa tunapeana kabla ya wewe kujua kufunga hivyo viatu," akamwambia, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akimjibu mkubwa namna hiyo.

Tulijaribu hata hivyo. Asubuhi ya kwanza ya kliniki, Mama Zamu alienda na mumewe, na mimi nikaja mahali pake. Nilikuja mapema, nikavaa koti lake lenye kifungo pungufu ili mambo yaende sawa, nikaweka kidole changu kwenye mashine. Mashine ilisema mimi si wa saa hiyo. Niliingia hivyo hivyo, nikafanya kazi yote ya asubuhi, nikatoa chenji, nikapanga foleni. Kwa mashine, mimi sikuwako na yeye hakuwako. Akapewa onyo. Asubuhi ya pili akapewa onyo jingine, akaambiwa la tatu ni la mwisho. Kwenye mji huu mwanamke wa umri wake akitoka kazini harudi popote, na dawa za kifua zilinunuliwa kwa mshahara ule. Akaacha kwenda hospitali. Mume wake akasema asijali, atakwenda mwenyewe na boda, polepole.

Alikwenda mwenyewe mara kadhaa. Kisha asubuhi moja pumzi zikamkatikia akiwa njiani kuteremka Nyanchwa. Mwendesha boda, kijana mwenye utu, alimfikisha hospitalini na kupiga simu ya mkewe, akapiga tena, akapiga tena. Simu ilikuwa kabatini, imefungiwa, kama inavyotakiwa. Mama Zamu alikuwa kwenye kaunta jirani na yangu akimweleza mteja kwa nini kuku wa barafu amepanda bei. Alipofungua kabati wakati wa mapumziko, mume wake alikuwa amekwisha kufunikwa.

Hakulia pale. Alienda kwanza kwenye mashine akaweka kidole, ili itambue kwamba ametoka. Nimelichukia jambo hilo kuliko yote mengine.

Mazishi yalikuwa Tabaka. Huyu ndiye aliyewapeleka wenzake wote kwenye matanga yao, wengine mbali kupita Oyugis, wengine Nyamira ndani ndani, na hajawahi kumwambia mtu kwamba marehemu si wa karibu. Tulipaswa kuwa pale sote. Fleksi ilikuwa imeita wengi siku hiyo, ilikuwa mwisho wa mwezi na wateja walikuwa wengi. Nilifika mimi na Otieno. Tulisimama kati ya wachongaji, wanaume wenye nyusi nyeupe kwa vumbi, na wakati mchungaji akiomba, simu ya Otieno ilitetemeka mfukoni, kisha yangu. Mama Zamu aliinua macho. Alijua hasa ni nini. Alitutazama bila hasira, na ningependelea hasira.

Hakufukuzwa kazi. Fleksi haifukuzi mtu. Baada ya siku zake za msiba usimamizi ulipewa mwingine, naye akapewa saa chache za keshia, kisha chache zaidi, kisha simu ikawa haitetemeki kabisa. Hakukuwa na siku ambayo tungeweza kumwandalia soda na keki. Siku moja tu mtu akauliza, "Hivi Mama Zamu tulimwona lini?"

Nilikwenda kumwona kwake Nyanchwa Ijumaa moja. Nilikuwa nimefanya asubuhi, sistimu ikaniacha kabla ya adhuhuri na kunitaka nisiende mbali. Nikapanda boda hadi mlimani. Nilimkuta mlangoni ameketi kwenye kigoda, sufuria mapajani, akichambua mboga za chinsaga, jani kwa jani, bila haraka. Dirishani palikuwa na vipande vya jiwe la Tabaka ambavyo mumewe hakuwahi kuvigusa. Alinipa kiti, akanipa uji. Aliuliza habari za kila mmoja, akataka umbeya, nikampa nilionao.

Kisha akasema, "Mimi ndiye niliwaambia mukubali."

"Wangeleta tu, Mama. Hata tungekataa."

"Wewe Mswahili, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Akatupa bua chini. "Nilisikia tu ile kitu nilitaka kusikia. Otieno aliuliza swali mzuri, nikamwambia aache maneno ya ghala. Mwambie nimesema alikuwa sawa." Akachambua jani jingine. "Sasa asubuhi zote ni zangu. Naamka, nakaa hapa. Nazifanyia nini?"

Nilikunywa uji wangu. Ndipo adhana ilipoanza chini mjini, ikapanda mpaka pale tulipokuwa, hafifu lakini inasikika vizuri. Na kabla haijafika nusu, simu yangu ikatetemeka. Foleni dukani ilikuwa ndefu, niingie mara moja.

Mama Zamu alikuwa akisikiliza adhana, hakuitazama simu. Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye leso, akainuka nusu kutoka kwenye kigoda kwa zile nyonga zake mbovu, na kidole chake kimoja kikanigusa begani.

"Wewe Mswahili, nenda. Nitakushikia."

Kisha akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Alibaki vile vile kwa muda, nusu amesimama, halafu akarudi kuketi, akaivuta sufuria na kuendelea na majani yake. Nilimwambia asante, Mama, kama nilivyokuwa nikimwambia zamani.

Nilishuka mlima kwa miguu. Chini kabisa barabara inagawanyika, mkono mmoja msikitini, mkono mwingine dukani, na simu ilikuwa ikitetemeka tena. Nikaenda dukani. Nikaweka kidole kwenye mashine, nayo ikaandika jina langu.